Mdogo wangu, mimi si mkunga huku

Mdogo wangu, ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unataka kuacha chuo cha ukunga mwaka wa pili kwa sababu umeambiwa Uingereza wakunga wanagombewa, mtu anafundishwa hapohapo kazini. Na ushahidi wako ni mimi: "Mbona dada anazalisha huko." Nililia, kisha nikakasirika.

Sizalishi. Mwaka wa nne huu sijapokea mtoto hata mmoja. Niko kwenye nyumba ya kulelea wazee, nawaogesha, nawabadilisha nepi, nawalisha. Nilisema niko kazi za afya, mama akamalizia mwenyewe, nami nikanyamaza. Ukimya wangu ndio umekufikisha hapo. Nisamehe.

Mwaka jana mwenzangu wa zamu, mjamzito wa miezi minane, alikaa jikoni akasema kichwa kinamgonga tangu asubuhi na anaona vimulimuli. Nikamtazama: uso umevimba, pete imezama kidoleni. Hata wewe ungejua. Nikasema hizi ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, awahishwe wodi ya wazazi. Msimamizi akanijibu mbele ya watu, "Wewe ni msaidizi, hayo waachie wenye taaluma." Nikapiga simu mwenyewe. Walimlaza usiku uleule, presha iko juu mno. Mimi nikarudi kutandika mashuka, mikono inatetemeka.

Yule msimamizi alinidhalilisha, lakini kwenye karatasi mimi kweli ni msaidizi. Niliondoka nyumbani kabla ya mtihani wa leseni. Wakala wa kazi za nje alisema viza haisubiri. Muhula mmoja tu ulikuwa umebaki! Kwa huku, aliyeacha muhula mmoja na ambaye hakusoma kabisa ni wamoja.

Huku ukimzalisha mama nawe si mkunga aliyesajiliwa, si daktari wala mwanafunzi aliye mafunzoni, umevunja sheria, labda iwe dharura. Wasaidizi wa wakunga wapo, tena wana kazi nzuri, lakini kuzalisha si kazi yao. Hata muuguzi hapokei watoto kwa cheti cha uuguzi. Baraza linalosajili, NMC, linatenganisha uuguzi na ukunga. Wengi waliosoma vyote viwili pamoja hushtuka wakifika hapo. Shahada ya ukunga huku ni miaka 3, saa 4,600, nusu darasani na nusu kwa akina mama, na kwa kawaida mwanafunzi anatakiwa azalishe kwa mikono yake angalau mara 40. Kuianza upya kwa ada ya mgeni, huku natuma hela ya chuo chako, haiwezekani. Nimepiga hesabu usiku mwingi.

Sasa sikiliza. Maliza chuo. Fanya mtihani wa leseni, sajiliwa, fanya kazi wodini mpaka mikono izoee. Daftari lako la mazoezi lisainiwe siku hiyohiyo, usimsubiri mkufunzi mwisho wa muhula, na ulitoe nakala. Chuo kikuandikie saa za ukunga mbali na za uuguzi. Ukiwa na hayo, mlango upo: mtihani wa Kiingereza, IELTS, wastani 7 na kuandika angalau 6.5, mtihani wa kompyuta, halafu wa vitendo wenye vituo 10. Ni mgumu, lakini mkunga kamili anaufaulu. Ada ya IELTS nitalipa mimi. Ya wakala silipi, hata mama akinipigia.

Au usije kabisa. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hapo kwenu anakuhitaji kuliko mzee ninayemlisha uji huku. Najua nakuambia hivi nikiwa nimeshaondoka, na ukija nitakupokea uwanja wa ndege, chumba changu kinatosha wawili. Ila usije ukiwa kama mimi.

Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, wewe usimtangulie. Leo piga picha ukurasa wa mwisho uliosainiwa kwenye daftari lako, unitumie. Nataka kuona umefikisha watoto wangapi uliowapokea.