Muulize Msanifu: Bosi anataka tusiwe na meza zetu

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni meneja wa ofisi katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tuko 18: sita kazi yao iko bandarini na uwanja wa ndege, wanne wa nyaraka, wahasibu watatu, wawili wa kupokea simu za wateja, msaidizi wa ofisi, mimi na bosi. Tumepanga ghorofa ya tatu, mita 11 kwa 8, na madirisha yote yanatazama magharibi. Chumba cha bosi ni mita 4 kwa 4. Sisi wengine tumetenganishwa kwa kuta za jipsamu. Bosi amerudi kutoka Dubai na habari ya ofisi ambayo hakuna mwenye meza yake. Unafika, unakaa palipo wazi. Sasa anataka tuvunje jipsamu zote, tununue meza mbili ndefu, kila mtu akae atakapopata. Chumba chake kitabaki kama kilivyo, ingawa wiki nyingi yuko Tunduma au safarini. Wahasibu wamenuna, vijana wa bandarini wanashangilia. Nimwambie nini?
Meneja, Upanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jipsamu usiziguse kwanza, tutazirudia.

Bosi wako ameona kitu cha kweli: ofisini kwenu kuna meza zinazolala. Shida ni kwamba anataka kuwanywesha wote dawa ya wale sita. Chukua daftari, na kwa wiki mbili uandike nani yuko kwenye kiti saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na nusu jioni. Ninavyowajua vijana wa forodha, asubuhi wako getini na foleni, wanarudi jioni na karatasi zimelowa jasho. Ukikuta hawazidi watatu kwa wakati mmoja, basi hao sita watatoshwa na meza tatu, na ya nne ya akiba. Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa wote wanarudi kurejesha masurufu, wamemzonga mhasibu na risiti zao, na mpango wowote uliosahau Ijumaa utakufa Ijumaa ya kwanza.

Wanaogawana meza lazima wapewe mahali pa kufungia vitu. Hapa ndipo wakubwa hubana hela, na hapa ndipo mpango huharibika. Nenda Keko, mwambie seremala akutengenezee kabati la milango sita yenye kufuli, kila mlango upana wa sentimita 40, na chini aache matundu ya hewa. Kijana wa bandarini ana kofia ngumu, ana rifleksa, ana buti. Buti zilizoshinda juani bandarini, ukizifungia kwenye boksi lisilo na matundu, ofisi nzima itajua kesho yake asubuhi. Meza zao ziwe sentimita 120 kwa 60, na magurudumu yenye breki, ili siku ya mkutano mzisogeze ukutani.

Umpelekee bosi na kisa hiki. Mwaka 1994, kule Los Angeles, Jay Chiat, mwenye kampuni ya matangazo ya Chiat/Day, alifanya hivyo hivyo anavyotaka bosi wako. Wafanyakazi waliondolewa meza zao, wakawa wanapanga mstari asubuhi kuchukua simu na kompyuta mpakato kaunta. Vifaa havikutosha, vikabati vilikuwa vidogo, watu wakageuza buti za magari yao kuwa kabati za faili, na kuna aliyekuwa akiburuta makaratasi yake kwa kigari cha kuchezea watoto. Muongo haujaisha, kampuni ikahamia jengo jingine na watu wakarudishiwa meza. Hao walikuwa watu wa matangazo, wanaoweza kufikiria wakiwa wamelala kwenye kochi. Wako ni watu wa hati za mizigo na mihuri.

Wahasibu waache mahali pao. Wana hundi, wana sefu, wana mafaili ya ukaguzi, na wana mishahara yenu kwenye skrini. Mshahara wa mtu kwenye meza ya wote, kila anayepita na kikombe cha chai anausoma. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na bosi anapaswa kuifikiria kabla ya kufikiria meza ndefu.

Sasa sauti, jambo ambalo karibu kila mteja wangu hulikumbuka baada ya fundi kuondoka. Simama katikati ya ofisi jioni watu wakishatoka, piga kofi moja. Vigae chini, zege juu, vioo upande mmoja: kofi litakurudia. Mkivunja jipsamu zote, wale wawili wa simu watasikika na kila anayejaza namba za kontena, na namba ya kontena ikikosewa tarakimu moja ni siku nzima ya usumbufu. Wala msidhani kuvunja kuta kutawafanya watu wazungumze zaidi. Watafiti wawili wa Harvard, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walipima makampuni mawili makubwa yaliyohamia ofisi za wazi na kuchapisha matokeo mwaka 2018: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa asilimia 70 hivi, barua pepe zikaongezeka. Mtu akikosa ukuta hujifanyia wake, wa visikilizi masikioni na uso uliokunjwa.

Kwa hiyo watu wa simu wahamie karibu na mlango, kwenye makelele ya wageni tangu zamani. Watu wa nyaraka wapelekwe ndani kabisa. Kati yao pangeni kabati zenu za faili, zile ndefu za mita mbili, migongo yake muibandike zulia. Kabati iliyojaa karatasi hupunguza sauti vizuri sana, na mnayo tayari.

Madirisha ya magharibi yananipa wasiwasi kuliko meza. Dar, kuanzia saa tisa jua linaanza kuingia upande huo, na kuelekea jioni linashuka usawa wa macho na kufika hadi katikati ya chumba. Ukiweka meza za vijana wa bandarini dirishani kwa kuwa ni nafasi nzuri, umewaweka kwenye tanuri saa ileile wanayorudi. Hapo dirishani weka meza ya kikao na chai. Kikao chenu cha saa mbili asubuhi kitakuwa kwenye mwanga laini, chai ya saa nne hivyo hivyo, na Ijumaa jioni wa masurufu wakae hapo mapazia yakiwa yameshushwa. Kompyuta zote zikae ubavu kwa dirisha, dirisha lisiwe mbele wala nyuma ya skrini. Na magurudumu hayana maana bila umeme: mwambie fundi apitishe soketi ukutani juu ya usawa wa meza, kila mita moja na nusu, msije mkaishi kwa kurukana ekstensheni.

Nimebakiza chumba cha bosi. Mita za mraba 16 kati ya 88 ni karibu moja ya tano ya kodi mnayolipa, na kwa maelezo yako mwenyewe, wiki nyingi hakina mtu. Ofisi yenu haina mahali pa kuongea na mteja aliyekuja kugombana, pa kumhoji anayeomba kazi, wala pa kupiga simu ya faragha. Mahali hapo papo, ila funguo iko mfukoni mwa mtu aliyeko Tunduma. Usimwambie “toa chumba”. Mpelekee hesabu ya kodi pamoja na daftari lako la wiki mbili, umwambie akiwepo ni chake, asipokuwepo ni cha kazi, na meza yake iwe na droo inayofungwa. Akikataa, muulize kwa adabu yote kama kule Dubai mwenye kampuni naye hakuwa na chumba. Swali hilo liulize mkiwa wawili.

Kuhusu jipsamu, vunjeni moja tu, ile ya vijana wa bandarini, na mwenye jengo akubali kwa maandishi kwanza, la sivyo amana yenu itaishia kwenye ukarabati. Nyingine zisubiri miezi mitatu.

SWALI: Dada, ofisini kwetu tumejenga chumba cha kikao cha kioo. Mazungumzo yote yanasikika nje. Fundi anasema tuweke kioo kinene zaidi. Ni kweli?
Msomaji, Arusha

JIBU: Mwambie fundi apande ngazi kwanza, atoe kipande kimoja cha dari. Mara nyingi kioo huishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwazi mtupu hadi kwenye zege. Sauti inapanda, inavuka, inashukia upande wa pili. Zibeni huko juu kwa bodi mbili zenye pamba ya kuzuia sauti katikati, kisha mfunge mpira chini ya mlango. Mkimaliza, mmoja aingie ndani asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mwingine akae nje na kalamu. Akiweza kuandika anachosikia, fundi arudi darini kabla hajataja kioo tena.