Anza na mfereji ulio mbele ya mlango wako

Mtaa wetu uko bondeni, Dar es Salaam, huku Mto Msimbazi unakopita ukitoka milima ya Pugu kuelekea baharini. Desemba 2011 maji yaliingia ndani hadi usawa wa godoro. Tangu siku hiyo mvua ikianza usiku siwezi kulala, lazima niamke nimulike mlangoni.

Kwa miaka mingi niliulaumu mto. Halafu mvua moja ikatujazia maji uani wakati mto wenyewe bado haujafurika. Asubuhi nikachukua koleo, nikaingia kwenye mfereji wa mbele ya nyumba. Nilitoa chupa za plastiki, nepi, vifuu, kandambili ya mtoto na kiroba kizima cha maganda ya viazi. Hata mifuko ya rambo ilikuwemo, ile iliyopigwa marufuku 1 Juni 2019, imeshindiliwa ndani ya tope kama matofali. Hakuna hata kimoja kilicholetwa na mto. Vyote vilitoka majumbani mwetu.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia, nitakwambia usianze na kikao. Sisi tulikaa vikao vitatu na vyote viliishia kwenye kunyoosheana vidole. Kilichotusogeza ni jirani yangu, mama wa maandazi, aliyeniona nahangaika akatoka na reki bila kuitwa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa sita. Mjumbe akatuazima toroli, na kila nyumba ikapewa kipande chake, kuanzia kona ya ukuta wake mpaka kona ya jirani.

Fanyeni kazi hiyo Februari, kabla ya masika, tope likiwa limekauka. Vaeni buti na glavu, maana vipande vya chupa na sindano havikosekani. Na tafadhali, tope msilirundike ukingoni mwa mfereji. Tulifanya hivyo mwaka wa kwanza. Mvua moja tu, lote likarudi ndani.

Uchafu mwingi wa nyumbani ni wa jikoni, na huo una matumizi. Weka ndoo mbili. Ya maganda na mabaki ya mboga ichanganywe na majani makavu, igeuzwe kila wiki, na baada ya miezi mitatu hivi una mboji. Samaki na nyama usitie, utawaita panya. Mimi nina viroba vinne vya mchicha ukutani, na wiki ya nne nachuma.

Mbu wa dengue naye msimsahau. Dar es Salaam tumeugua dengue mwaka 2014, tukaugua tena 2019. Mbu huyu anauma mchana na anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama, kwenye tairi, kifuu au sahani ya chungu cha maua. Mfereji unaweza kuwa mkavu kabisa naye akawa anazaliana uani kwako. Kila wiki pita, mwaga.

Jambo lililotusumbua kuliko yote ni ada ya taka. Kuna nyumba moja ilikuwa haitoi, na usiku taka zake zinaishia mferejini. Watu walitaka ashtakiwe. Tulipokwenda kumsalimia tukakuta ni bibi anayeishi peke yake, hana kitu, na aibu ilimzuia kusema. Sasa nyumba tano zinazomzunguka zinamlipia kwa zamu. Nawasihi, kabla hamjamtoza mtu faini, pigeni hodi kwanza.

Masika yaliyopita, saa tisa usiku, nikasikia maji yanavuma mferejini. Nikatoka na tochi. Ng'ambo ya pili mama wa maandazi alikuwa ameshasimama, khanga kichwani, anamulika kipande chake. Maji yalikuwa yanakwenda.