Nyumba nyekundu ya Wales

SWALI: Shikamoo mhariri, jamaa kanitumia picha ya nyumba ya zamani huko Wales, ukuta mwekundu mpaka chini, paa la nyasi, hivi ile ni baa au? Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Baa wapi bwana! Hiyo ni Kennixton, nyumba ya wakulima wa Gower, rasi ya kusini mwa Wales, ilijengwa 1610 halafu wakawa wanaongezea vyumba, na ule wekundu waliamini unafukuza pepo wabaya (sio matangazo ya simu kama huku kwetu). Ndani kuna kitanda cha mbao kama kabati, kipo jirani kabisa na moto, baridi ya kule acha tu. Baadae ikabomolewa, ikahamishwa ikajengwa upya ndani ya makumbusho ya St Fagans, Cardiff, mji mkuu wa Wales, sisi msonge tunauvunja tunaweka bati basi.