Mbweha wa 1986: barua kwa mwanangu mchora katuni

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama kuna mtu aliyerusha katuni za wanyama mtandaoni kabla ya hizi Instagram zenu, na kama ilimfaa kitu. Najua kinachokuuma: magazeti mawili yamekataa katuni zako za Fisi, na sasa unafikiria kuacha.

Yupo, mama. Anaitwa Joe Ekaitis, Mmarekani. Mwaka 1986, wavuti yenyewe haijazaliwa, alianza kuweka katuni ya mbweha, T.H.E. Fox, kwenye CompuServe na Quantum Link. Hizo zilikuwa huduma za kulipia. Unaunganisha kompyuta na simu ya mezani kwa modemu, unapiga namba yao, ukishaingia unakuta habari, barua, soga na mafaili ya kupakua. Quantum Link, au Q-Link kama wenyewe walivyozoea kuiita, ilikuwa ya wenye kompyuta za Commodore. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kujiita America Online mwaka 1991.

Ngoja nikueleze Commodore 64 ilivyokuwa, maana hapo ndipo ninapowavulia kofia wote walioichorea. Rangi zake ni 16, basi. Ukitaka picha yenye rangi nyingi, skrini nzima ni vitone 160 kwa upana na 200 kwa urefu. Imegawanywa vijisanduku vya vitone 4 kwa 8, na ndani ya kila kijisanduku mwisho ni rangi 4, mojawapo ikiwa ile ya usuli inayotumika picha nzima. Sasa chora sikio la mbweha linalokatiza mbele ya dirisha. Rangi ya tano haina nafasi hapo: ama usogeze sikio, ama ubadilishe pazia. Ukitaka mistari myembamba, vitone 320 kwa upana, unabaki na rangi 2 tu kwa kila kijisanduku. Wewe unayelalamika kwamba kidole chako kinateleza kwenye kioo cha simu, nadhani unanielewa.

Halafu kuna kutuma. Picha ya rangi ya namna hiyo ina baiti kama 10,000. Modemu ya biti 300 kwa sekunde ilipitisha herufi 30 hivi, yaani baiti 30, kila sekunde, kwa hiyo picha moja ilikula zaidi ya dakika 5, na muda wa kukaa hewani ulikuwa pesa, kama bando lako. Na bado watu walipakua! Mwaka 1987 CompuServe walitoa GIF, hiyo hiyo unayoitumia leo, ili picha moja ifunguke kwenye kompyuta za aina mbalimbali.

Ilimfaa nini? Alitamani kupata kampuni ya kumsambazia katuni kwenye magazeti mengi, ndiko wachoraji wa kwao walikopatia riziki. Hakupata. Lakini mbweha alitoka kila wiki hadi 1998. Miaka 12! Mimi simhesabu mtu huyo kuwa ameshindwa hata kidogo. Alikuwa na wasomaji tangu mwanzo, na hakuna mhariri aliyempa kibali cha kuwafikia. Mwaka 1995 Bill Holbrook, ambaye katuni zake tayari zilikuwa magazetini, alianzisha Kevin and Kell, katuni ya sungura aliyeoa mbwa mwitu, na akaianzia huko huko CompuServe. Mtu mwenye nafasi gazetini kaja kwenye njia ambayo mbweha alishaipita miaka 9 kabla.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usiache. Panga siku moja ya wiki, utoe Fisi siku hiyo, gazeti likubali lisikubali. Ile ya Fisi anayejifanya mgonjwa ili apite mbele kwenye foleni ya maji ni kazi nzuri sana. Kisanduku cha mwisho tu kina maneno mengi. Uso wa Sungura umeshasema yote, hayo maneno yafute.

Na michoro usiiache kwenye simu peke yake. Q-Link ilizimwa katikati ya miaka ya 1990, na CompuServe ya zamani ikafuata mwaka 2009. Kilichokuwa humo walibaki nacho waliojiwekea nakala. Weka zako kwenye flashi, na ukija Pasaka niletee nyingine niihifadhi kwenye kompyuta ya hapa nyumbani.

Mama yako anakusalimu.

Baba