Barua kwa mwanangu: mpe kiti aliyekufundisha

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaikum. Umeniuliza kama ni sawa kuandika katika tasnifu yako kwamba Mwingereza William Jones ndiye wa kwanza kuona undugu wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na Kigiriki na Kilatini. Wa kwanza si yeye. Padri Coeurdoux, Mfaransa aliyekaa Pondicherry huko India, aliiandikia akademia ya Paris jambo hilo hilo miaka ya 1760, na maandishi yake yakalala hadi 1808 ndipo yakachapwa. Jones alilihutubia jambo hilo Calcutta, India, tarehe 2 Februari 1786 akiwa jaji, tena rais wa Jumuiya ya Asia aliyoiasisi mwenyewe miaka miwili nyuma. Dunia ikamsikia yeye.

Lakini mimi nataka uulize nani alimfundisha. Kisanskriti alianza kukisoma 1785 kwa Ramlochan, mzee wa tabaka la matabibu. Baadaye akawa na Radhakanta, mjuzi wa sheria za Kihindu. Wote hao hawakuwa wanachama. Mhindi hakukubaliwa katika jumuiya ile hadi 1829, na Jones alikwishafariki tangu 1794. Nimesema siku zote na nasema tena: aliyekufundisha mtaje, na umpe kiti.

Kisa cha babu yako unakijua. Yule mtafiti alikuja kwetu jioni baada ya jioni, babu akimsomea zile barua za kale za hati ya Kiarabu, mimi nikiwapelekea kahawa na halua. Siku ya mkutano wa mtafiti huyo babu aliipiga pasi kanzu yake mwenyewe, akaifukiza udi, akakwapua daftari lake tukaenda. Mlangoni kijana akapitisha kidole kwenye orodha, akarudia tena, jina halimo. Babu akakaa kwenye ngazi. Makofi tuliyasikia kutoka pale. Mtafiti alipotoka akampa mkono, akamwambia mambo yamekwenda vizuri, na babu akafurahi kwa dhati! Hilo ndilo lililonichoma. Yeye alisamehe palepale, mimi bado.

Sasa nisije nikamwonea Jones kwa kosa la mtu mwingine. Yeye Radhakanta alimtaja: maelezo ya Radhakanta ya maandishi ya nguzo ya Firuz Shah, nguzo ya kale iliyoko Delhi, yalitoka kwa jina la Radhakanta mwenyewe katika juzuu ya kwanza ya jarida lao. Babu hakupata hata hilo. Na 1783, meli ya Jones ilipotia nanga Nzwani, kisiwa cha Komoro, kwao bibi yako, alizungumza na wenyeji kwa Kiarabu, kisha akaandika juu yao. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

Lakini rais ni yeye! Katika hotuba ya kufungua, 1784, suala la kuwaandikisha wasomi wa Kihindi alilitaja kwa kinywa chake, akasema wanachama wataliamua baadaye. Baadaye hiyo ikawa miaka 45. Labda alijua wenzake wangekataa, akaona bora mlango usifungwe kwa kura. Labda. Mtu aliyeweza kuwakalisha majaji na maofisa wamsikilize asingeweza kumwombea mzee mmoja kiti?

Hukumu nakuachia, ingawa mdomo unaniwasha. Sura ya kwanza iandike utakavyo, ila Ramlochan awemo ndani ya matini, si kwenye tanbihi. Ukimaliza niletee rasimu niisome kabla ya msimamizi wako.

Mama yako