Vinyama vyeusi usoni: nimevitoa mara mbili, mara ya kwanza nilijuta

Mleta uzi, umeuliza kama mama yako wa miaka 61 apelekwe kwa yule jamaa wa sokoni anayetoa vinyama vyeusi usoni kwa dakika tano. Mimi ni mama wa Ujiji, siku hizi shikamoo ninazopokea ni nyingi kuliko ninazotoa, na njia hiyo nimeipita. Usimpeleke.

Vyangu vilianza nikiwa na miaka thelathini na kitu, viwili tu chini ya jicho, kama punje za ulezi. Nilipofika hamsini mashavu yote yalikuwa yamejaa. Marehemu mama alikuwa navyo, bibi pia. Vinatembea kwenye ukoo. Si uchafu wa damu, wala haviambukizi kama chunjua, maana chunjua huletwa na kirusi. Mtazame Morgan Freeman, yule mcheza filamu wa Marekani, mashavu yake ndiyo hayo hayo. Kwa hiyo kuvitoa ni suala la kioo tu, si la uhai.

Huyo wangu wa sokoni alikuwa na kichupa na njiti ya kibiriti. Tone moja likanidondokea kidoleni, nikasugua, likateleza. Nimekulia kwenye kupika sabuni ya mawese, utelezi ule naujua: kostiki soda. Nikajua, na bado nikakaa palepale kwenye kigoda! Alinigusa saba. Sita vilipona vyenyewe, cha saba kikachimba. Kidonda wiki tano, na leo pana kovu jeupe kama punje ya mchele chini ya jicho la kushoto. Kila mgeni analiuliza. Vile vinyama hakuna aliyewahi kuviuliza.

Mara ya pili nilimpata mtaalamu wa ngozi aliyesomea Moshi, pale hospitali ya KCMC penye kituo kinachofundisha fani hiyo tangu 1992. Kabla ya kuchoma chochote alikagua kimoja kimoja kwa lenzi yenye taa. Kimoja cha shingoni kilikuwa kimekua upesi na kutoa damu. Hicho hakukichoma, alikikata, akakitia kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kikapimwe hospitali ya Bugando, Mwanza. Akaniambia ukishachoma hakuna kinachobaki cha kupima. Majibu yalirudi salama, ila zile wiki za kusubiri sikulala vizuri.

Vingine alivichoma kwa umeme. Unapakwa krimu ya ganzi, unakaa kama saa nzima, kisha ncha nyembamba kama sindano inagusa kila kinyama kwa sekunde moja hivi. Unasikia "tss" na harufu ya nywele zilizoungua. Alianza na viwili tu karibu na sikio, akanirudisha nyumbani aone ngozi yangu inaponaje, maana wapo ambao kovu lao huvimba likawa keloidi. Mwambie mama asikubali kuchomwa vyote siku ya kwanza. Na akitajiwa kugandishwa kwa naitrojeni ya maji, aulize mara mbili: ile baridi huua chembe zinazotengeneza rangi kabla ya zingine, na kwenye ngozi yetu nyeusi inaweza kuacha mabaka meupe.

Baadaye vinakuwa magamba meusi yanayodondoka yenyewe baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Asibandue. Mafuta laini, kofia au mtandio juani, basi. Madoa yanaweza kubaki miezi kadhaa ndipo yafifie. Na vipya vitaota, hilo mimi nimeshalikubali.

Kama anavyo pia vile vinavyoning'inia shingoni na kwapani, asivifunge uzi kama jirani yangu aliyepata usaha. Apime sukari akiwa hukohuko kwa mtaalamu. Vile huwapata zaidi wanene na wenye kisukari. Lakini doa jeusi kwenye unyayo au chini ya ukucha, au kidonda kisichopona, hilo si la mjadala huu. Hapo ni hospitali wiki hiyohiyo, kwa sababu saratani mbaya ya ngozi kwa sisi weusi hupenda kukaa huko.

Halafu angalia kalenda. Kama kuna harusi mwezi huo, mwache aende na vinyama vyake, maana magamba usoni hayafichwi na poda, mimi nilijaribu.