Nyoka, Shamroki na Kijana Aliyetekwa: Maswali Yenu Kuhusu Mtakatifu Patrick

Nimesikia Mtakatifu Patrick aliwafukuza nyoka wote Ireland. Ni kweli?

Nyoka wa porini hawapo Ireland, ila hawakuwapo hata kabla yake. Barafu ya kale ilipoyeyuka, bahari ilikizingira kisiwa kabla hawajakifikia. Patrick alihubiri karne ya 5. Solinus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 3, alikwishaandika kwamba kule hakuna nyoka. Masimulizi ya nyoka yanamweka juu ya mlima Croagh Patrick, huko Ireland, akifunga siku 40. Mahujaji huupanda hadi leo, Jumapili ya mwisho ya Julai, wengine miguu mitupu juu ya mawe yanayoporomoka.

Kwa nini watu huvaa shamroki Machi 17, sikukuu yake?

Inasimuliwa kwamba alichuma kijimea hicho kuwaeleza watu Utatu Mtakatifu: vijani vitatu, kikonyo kimoja. Katika maandishi, kisa hiki kinaonekana karne ya 18 tu. Hata hivyo nakipenda. Katekista yeyote angefurahi kuwa na mfano mwepesi namna hiyo. Chenye majani manne ni cha kutafutia bahati, hakihusiani na sikukuu.

Alikuwa Mwairishi?

Hapana, alizaliwa Britania enzi za Warumi. Akiwa na miaka kama 16 alitekwa, akapelekwa Ireland utumwani, akachunga mifugo miaka sita. Katika Ungamo, maandishi yake kuhusu maisha yake, anasema aliamka kabla ya mapambazuko kusali, iwe theluji, iwe mvua. Alitoroka akarudi kwao, kisha akarejea kuwahubiria watu wa nchi ileile iliyomfanya mtumwa.

Someni pia barua yake kwa askari wa Coroticus, mtawala wa Kibritania. Walikuwa wamewavamia waumini aliotoka kuwabatiza, wangali na mavazi meupe na krisma, mafuta matakatifu, ikinukia kwenye vipaji vya nyuso zao. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Patrick anawakataza Wakristo kula au kunywa na watekaji hao, hata kupokea sadaka zao, mpaka wawaachie huru mateka. Kwangu mimi huyu ndiye Patrick wa kuhubiriwa kanisani, kuliko yule wa nyoka.

Rangi ya kijani ilitoka wapi?

Kwenye siasa zaidi. Nishani ya Mtakatifu Patrick ya mwaka 1783 ilikuwa ya bluu. Kijani kilipata nguvu kwa wapigania uhuru walioasi dhidi ya Waingereza mwaka 1798.

Shule ya St. Patrick's ya Iten, Kenya, inahusiana naye?

Ndiyo. Ilijipatia sifa chini ya mabruda Wakatoliki wa shirika la Patrician, lililoanzishwa Ireland mwaka 1808 na kuitwa kwa jina lake. Bruda Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaishia kuwa kocha. Mmoja wa wanariadha wake ni David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012 na 2016.